Kitanda cha pikapu chenye chaga za kukunja kama mkeka

Msimu wa maembe nalala Marafa siku mbili tatu kwa wiki. Tunapakia alfajiri, na kutoka Malindi mjini usiku kuifuata barabara ile ni kuzitafutia springi kifo. Basi nalala garini. Kitanda changu cha kwanza kilikuwa plaiwudi moja juu ya kreti, na Januari ile, kaskazi imekaza na joto lake, nilikuwa kama niliyelala juu ya kikaango. Jasho lilishuka kwenye godoro likakosa pa kutokea. Baada ya wiki tatu nikaligeuza: chini limejaa madoa meusi ya ukungu kama mbegu za papai. Plaiwudi sasa ni mlango wa banda la kuku.

Nilichonacho leo ni kitanda cha nyumbani tu, chenye matendegu (miguu), mifumbati (mbao za ubavuni), vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) na chaga za kulalia. Ila hiki hufumuliwa kwa vidole, bila spana, maana mchana gari ni la mzigo.

Kupima

Pikapu yangu ni ya kebini moja. Sakafu ya nyuma ina urefu wa sentimita 228, na kati ya nundu za magurudumu pana sentimita 110. Godoro ni la futi 3 kwa 6, kwa hiyo fremu nikaikadiria 190 kwa 105. Kimo ni 40, kwa sababu kreti zangu zina kimo cha 30 na nataka ziteleze chini ya kitanda bila kugusa kitu. Zinaingia sita.

Mwenye dabo kebini bodi yake ni fupi. Huyo atalala mlango wa nyuma ukiwa umelazwa. Matendegu yake yaishie sakafuni, mifumbati ndiyo ipite juu ya mlango.

Mbao na vyuma

Nunua saipresi iliyokauka. Funga jicho moja uitazame kila mbao kwa urefu wake. Iliyopinda mwachie muuzaji, hata akikuapia. Mifumbati miwili na vitakizo viwili ni mbao ya inchi 3 kwa 2. Matendegu sita ni 3 kwa 3. Chaga ni 4 kwa 1: mbao nne za futi 14 zitakupa vipande 16 vya sentimita 105, na unahitaji 14.

Boliti 12 za milimita 8, urefu sentimita 10, na nati za masikio. Kwa pembe za vitakizo, vyuma vinne vya L, kila kimoja na boliti yake. Chukua vya stenlesi au vilivyochovywa zinki. Hewa yetu ina chumvi. Parafujo za kawaida nilizotia mara ya kwanza zilishika kutu hata bisibisi ikawa inazunguka patupu.

Matendegu

Hapa ndipo pa kutuliza mkono. Kila tendegu likate sentimita 40. Kichwani lichonge kidato: ingia sentimita 5, shuka 7.5. Unabaki na ulimi wa sentimita 2.5 na bega la kukalia mfumbati. Uzito wa mtu uwe juu ya bega hilo. Boliti kazi yake ni kushika tu. Msumeno ukate mistari yote miwili, kisha patasi isafishe kona. Mfumbati ukikaa na ukaona mwanga chini yake, rudi na patasi.

Matendegu ya mwisho yaweke sentimita 10 kutoka ncha za mfumbati ili kitakizo kipate nafasi, na jozi ya tatu katikati. Bana tendegu na mfumbati kwa pamoja, toboa matundu mawili kwa mshazari yapite vyote viwili. Kisha tia alama kwa patasi: moja, mbili, hadi sita, kwenye tendegu na mahali pake. Usidhani yatabadilishana. Hayabadilishani, nami nilijua hilo saa nne usiku kwa tochi ya simu.

Chini ya kila tendegu pigilia kipande cha tairi kuukuu, ile raba ya akala. Bila hiyo kitanda kitapiga ngoma hadi Gongoni.

Chaga

Zipange kifudifudi, nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine. Pitisha kanda mbili za nailoni, aina anayotumia fundi wa makochi, sentimita 20 kutoka kila upande. Kaza kila chaga kwa parafujo fupi na washa, lakini toboa kwanza, saipresi hupasuka. Zikunje: unapata mzigo wa kubeba kwapani. Chaga ya kwanza na ya mwisho zitie kijiti upande wa chini kikumbatie kitakizo, zisitambae.

Piga msasa, paka vanishi mara mbili. Mjomba wangu, aliyezoea vyombo vya baharini, alinishauri nipake sifa, yale mafuta ya samaki yanayonuka. Mbao ingedumu kweli, ila ningelala nje ya gari.

Kufunga na kulala

Funga fremu kwa kamba kwenye kulabu za bodi, pembe zote nne. Gari likienda, mtu asilale juu yake. Ukilala, injini izimwe; moshi wake huua bila kukuamsha. Chandarua kining'inize kwenye vyuma vya turubai, kingo uzikunje chini ya godoro.

Wakati wa kaskazi, geuza mlango wa nyuma uelekee upepo unakotoka na uinue turubai. Kusi ikiingia na mvua zake, kebini ndiyo itazame kusini.