Kuhamishia vyombo Bujumbura baada ya kustaafu
Mstaafu wa Kigoma anayehamia Bujumbura aandike orodha ya vyombo vyake kabla ya kufunga hata sanduku moja, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa vyombo ambavyo mhamaji alikuwa akivitumia mwenyewe nyumbani kwake, si friji mpya iliyo bado ndani ya boksi. Nakala moja iwe ya Kifaransa. Kabati la mninga, ingawa najua linavyouma kuliacha, ni afadhali liuzwe hapahapa. Pasi itahitaji adapta, kwani plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za kule zenye matundu mawili ya mviringo. Magodoro yafungwe kwa turubai hata wakati wa kiangazi, maana mawimbi ya Ziwa Tanganyika hurusha maji hadi juu ya mizigo.