Draya inarudia raundi mbili? Kagua bomba kwanza
Nyie mnaokaa nyumba za zamani huku Seattle, draya, yaani mashine ya kukausha nguo, ikianza kukausha jinzi kwa raundi mbili msikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi shida ni lile bomba la kutoa hewa nyuma yake, limejaa manyoya ya nguo, na kwa unyevu wa huku yanagandana kama ugali uliolala. Toka nje draya ikiwa inafanya kazi uangalie kifuniko cha ukutani, kama hakifunguki na hewa haisukumi mkono ujue kumeziba, na hayo manyoya yanashika moto haraka mno. Ita fundi mwenye brashi ndefu ya kuzunguka na vakyumu, kila mwaka, na umuulize bomba linaishia wapi maana nyumba zingine za zamani linamwaga hewa darini au chini ya sakafu, mbao zinaoza kimya kimya. Likiwa la plastiki abadilishe aweke la bati gumu. La kwangu lilitoa manyoya karibu ndoo nzima na soksi ya mtoto, sijui ilifikaje. Draya ya gesi ndo usichelewe kabisa, ikiziba hewa ya sumu inarudi ndani.