Somo: Kijiji cha kusaidiana kisicho na mkubwa, ndani ya Luanti

Wadau, wengi mmekuwa mkiuliza jinsi ya kuanzisha kijiji cha mtandaoni ambamo watu wanajenga pamoja, wanasaidiana kwelikweli, na hakuna mwenyekiti. Somo hili linatumia Luanti, programu ya bure ya michezo ya kujenga kwa matofali, na linamfaa mtu wa Nairobi mwenye kompyuta kuukuu, wenzake wachache na bando la kubahatisha.

Niseme mapema msimamo wangu. Kijiji cha waanakisti, yaani watu wasiotaka mtawala, hakitambuliki kwa bendera nyeusi iliyotundikwa langoni. Kinatambulika kwa swali moja: siku mwenye seva, yaani kompyuta inayobeba kijiji, akinuna, nyinyi wengine mnabaki na nini? Kama hambaki na kitu, basi mna mfalme, hata akiwa mpole. Karibu kila hatua hapa chini inapambana na swali hilo.

Kusaidiana kwenyewe hakuhitaji mhadhara. Mrusi Pyotr Kropotkin aliandika kitabu kizima kuhusu kusaidiana mwaka 1902, akionyesha kwamba wanyama na binadamu hudumu kwa kubebana, si kwa kung'ang'aniana tu. Hapa kwetu tuliona kusaidiana huko Juni 2024: vijana waliingia barabarani wakisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama, na bili za hospitali za majeruhi zikachangwa na watu wasiojuana. Harambee ya mheshimiwa aliyekaa kiti cha mbele na bahasha yake siihesabu.

Hatua ya 1: Chagua dunia

Second Life, dunia ya mtandaoni, inapendeza macho na ipo tangu 2003, lakini ardhi yote iko kwenye seva zinazoendeshwa na kampuni ya Linden Lab. Unaweza kuunda kikundi na kukigawia ardhi, ila huwezi kukibeba kijiji chako ukahama nacho. Minecraft, mchezo maarufu wa kujenga kwa matofali, inakuruhusu kuwa na seva yako, tatizo ni kwamba kila mtu lazima anunue akaunti.

Mimi natumia Luanti. Ilianza mwaka 2010 ikiitwa Minetest, ikabadili jina 2024. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakubali kwenye Windows, Linux na simu za Android. Yenyewe ni injini tu, ndani yake unachagua mchezo. Kwa mashine dhaifu chukua Minetest Game, ambao ndio nitakaoutolea mifano.

Hatua ya 2: Watu, kisha mashine

Tafuta watu watano au sita mnaojuana ana kwa ana. Usianze kwa kutangaza.

Mashine ina njia mbili. Ya kwanza ni laptopu moja na Wi-Fi ya ukumbi, maktaba au sebule ya mtu: wote mnajiunga kwa mtandao wa ndani, mlango (port) namba 30000 wa UDP, wala hamhitaji intaneti. Ya pili ni kukodi seva ya mtandaoni kwa mwezi. Msihangaike kuendesha seva kwa hotspoti ya simu ili watu wa Rongai na Kayole waingie. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya IP ya umma, kwa hiyo aliye nje hana pa kubisha.

Hatua ya 3: Ondoa ufunguo wa mkubwa

Hapa ndipo vijiji vingi vinaanguka, kwa hiyo someni polepole. Fungua faili la minetest.conf. Kuna mstari wa *name*: jina lolote utakaloliweka hapo ndilo lenye mamlaka yote ndani ya dunia. Siku ya kikao cha kwanza weka jina la muda, wote mkiwa mnaangalia skrini. Kisha andika mistari hii:

default_privs = shout
basic_privs = interact
disallow_empty_password = true
enable_rollback_recording = true

Mstari wa kwanza unamfanya mgeni aweze kutembea na kuongea, lakini asiweze kuchimba, kujenga wala kufungua sanduku. Ruhusa hiyo inaitwa *interact*, na atapewa na mwanzilishi yeyote aliyemsalimia. Mstari wa pili unasema mwenye ruhusa ya *basic_privs* anaweza kutoa au kuondoa *interact* tu, si ruhusa nyingine. Sauti ya mtu hawezi kuigusa.

Sasa ingia kwa lile jina la muda, umpe kila mwanzilishi:

/grant jina_lake basic_privs

Wawili wapewe pia *rollback*, ile ya kurudisha kilichobomolewa. Baada ya hapo rudi kwenye faili, futa mstari wa *name*, uwashe seva upya, ila si kupitia menyu ya mchezo, maana menyu humpa mwenyeji mamlaka hayo tena. Kuanzia hapo hakuna mkubwa ndani ya dunia.

Matokeo yake ni matamu. Jambazi mgeni akibomoa ukuta, mwanzilishi yeyote anamwondolea *interact*, naye anabaki kupiga kelele tu. Lakini waanzilishi wawili wakikosana, hakuna anayeweza kumfungia mwenzake: ukiniondolea *interact*, najirudishia mwenyewe dakika hiyohiyo, maana *basic_privs* ninayo. Mtalazimika kuongea.

Hatua ya 4: Kila mtu awe na nakala

Ukiniuliza katiba ya kijiji chetu, nitakuonyesha flash.

Mkubwa wa ndani ameondoka, lakini mwenye kushika mashine bado anaweza kurudisha ule mstari wa *name* usiku akiwa peke yake. Hakuna mpangilio wa kuzuia hilo. Dawa ni kila mwanakijiji kuwa na uwezo wa kuondoka na kijiji kizima mfukoni. Zima seva kwanza, ili data isinakiliwe nusu. Nakili folda ya dunia iliyo ndani ya *worlds*. Kabla ya kugawa, ondoa *auth.sqlite*, kwa sababu ina alama za nywila za watu, hata kama zimefumbwa. Ondoa na *rollback.sqlite*, inayoonyesha nani aligusa nini. Wapeni na mchezo wenyewe pamoja na nyongeza mnazotumia, la sivyo dunia itafunguka ikiwa na mashimo. Faili la *debug.txt* lisitoke kabisa: linaandika anwani za IP za walioingia, na kwa mji huu sihitaji kueleza zaidi.

Fanyeni hivyo kila mwisho wa mwezi. Mwenye nakala akikasirika anawasha kijiji kwingine, na wenye kutaka wanamfuata. Mshika seva akilijua hilo, anakuwa na adabu.

Hatua ya 5: Ghala na ukuta wa mahitaji

Jengeni ghala katikati, masanduku ya kawaida yasiyo na kufuli. Mbao, mawe, mkate, vyuma. Masanduku ya kufuli yabaki nyumbani kwa mtu.

Kando ya ghala wekeni ukuta wa vibao. Huo ndio moyo wa kijiji. Mtu anaandika: "Natafuta charja ya laptopu ya pini ndogo, wiki moja." Mwingine: "Najua kujaza fomu za mkopo wa masomo za HELB, niko Jumamosi." Anayeweza kusaidia anamtafuta mhusika, mambo yanaishia kwao wawili, na kibao kinang'olewa. Pesa ikihitajika, inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia M-Pesa. Msiwe na mfuko wa pamoja mwanzoni. Mfuko huzaa mweka hazina, mweka hazina huzaa mwenyekiti.

Namba ya simu isiandikwe kibaoni. Maandishi ya vibao hukaa ndani ya *map.sqlite*, kwa hiyo yanasafiri na kila nakala mtakayogawa. Tena M-Pesa huonyesha jina la anayepokea, basi anayetaka kubaki na jina la kijijini tu aombe kitu, si hela.

Ugomvi, hatua ya 6, ni mfupi: kaeni kwenye duara ndani ya dunia, kila mtu aseme mara moja kabla ya yeyote kusema mara ya pili.

---

Maswali ya wanachama

Fundi_wa_Umoja: Asante mwalimu. Lakini anayelipa seva si ndiye mkubwa kwa mlango wa nyuma?

Ndiye, kaka. Zungusheni malipo kama mnavyozungusha merry-go-round, mwezi huu wewe, ujao mwingine, na seva ihamie kwa akaunti ya anayelipa. Kila kuhama ni jaribio la kuona kama nakala zenu zinafanya kazi.

MamaTabby: Mimi niko na simu tu. Bando langu litaisha?

Hapana dada. Kinachokula bando ni mara ya kwanza, simu inapopakua picha na sauti za seva. Jiunge mara hiyo ukiwa kwenye Wi-Fi, zitahifadhiwa. Baada ya hapo matumizi hupungua.

Kasuku254: Na mvivu anayechota ghalani bila kurudisha?

Mwacheni achote. Mawe ya Luanti hayana bei. Wa kumwangalia ni yule anayejua kuendesha seva na hataki kumfundisha mtu.

Mzee_Kijana: Watu wazima tunacheza matofali ya watoto?

Mzee, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lililo hapo Gigiri, lilianza kushirikiana na waundaji wa Minecraft mwaka 2012, na wakazi wa Kibera walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanga uwanja wao kwa matofali hayohayo. Ukimpa mama wa mtaa ramani ya msanifu atanyamaza. Mpe matofali, atakuonyesha taa inapotakiwa kuwekwa.

Wanja_: Tukitaka kusajiliwa je?

Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, katiba na viongozi. Yaani mtawachagua haohao mliowakwepa. Kama mnahitaji akaunti ya benki, sajilini kikundi kingine cha kazi hiyo, kijiji kibaki kilivyo.

Fundi_wa_Umoja: La mwisho. Stima ikipotea katikati ya ujenzi?

Seva huhifadhi ramani kila baada ya sekunde 5 na kidogo, kwa hiyo mtapoteza tofali mbili tatu. Wasiwasi wangu ni rauta, ambayo huzimika wakati laptopu bado ina chaji. Nunueni kabetri kadogo ka rauta kabla ya kununua kitu kingine chochote.