Mpunga Umedumaa Kwenye Magadi? Angalia Zinki Kabla ya Urea

Kwenye majaruba ya Magu, Misungwi na Kwimba, mkoani Mwanza, yenye udongo wa magadi, mpunga mara nyingi huanza kudumaa wiki 2 hadi 4 baada ya kupandikizwa. Mkulima anaona umanjano, anakimbilia urea, mbolea ya naitrojeni. Hapo fedha hupotea, kwa sababu mara nyingi mmea unalilia kirutubisho kingine, zinki.

Chuma jani changa ulitazame kwa karibu. Zinki ikipungua, mshipa wa kati hupauka kuanzia kwenye shina la jani, majani ya chini hutoka madoa ya rangi ya kutu, na shamba huwa na viraka vya mimea mifupi isiyochipua. Naitrojeni ikipungua, jani zee hugeuka manjano kuanzia nchani, bila madoa hayo.

Zinki yenyewe huwa imo ardhini. Magadi yakipandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kupita 8, zinki, chuma na manganizi hushikwa na udongo na mizizi haiwezi kuvifyonza. Mbolea ya DAP, yenye fosfeti, ikizidi, hali huwa mbaya zaidi. Maji yaliyotuama muda mrefu nayo huibana zinki.

Kwa hiyo anza na maji. Fungua jaruba, toa yale ya zamani, kaa siku 2 au 3, kisha ingiza maji mapya. Usiache udongo upasuke: ukikauka, chumvi hupanda juu.

Halafu pulizia zinki salfeti: gramu 100 kwenye bomba la lita 20, jioni jua likishapoa. Ekari moja huhitaji mabomba kama 10, yaani kilo 1. Rudia baada ya siku 10 hadi 14. Usiongeze kipimo, majani yataungua. Wala usichanganye na DAP kwenye bomba, kwani fosfeti huigandisha zinki na bomba huziba.

Msimu ujao, mwaga kilo 10 za zinki salfeti kwa ekari wakati wa kusawazisha jaruba, mbali na DAP, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Zinki haiondoi chumvi, na jasi (gypsum) husaidia tu pale maji yana pa kutokea. Kabla ya kununua jasi, peleka udongo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru ukapimwe.

Mchanganyiko wa virutubisho wenye boroni usiununue kwa kubahatisha. Udongo wa chumvi unaweza kuwa nayo ya kupindukia tayari, na ikizidi huunguza kingo za majani.