Kujua bendi (eneo la masafa ya mawimbi) ya redio ya upepo ya mtumba kabla ya kuiprogramu

Usiamini antena. Hubadilishwa hovyo sokoni, na ya UHF (bendi ya masafa ya juu zaidi) inaweza kufungwa vizuri tu kwenye redio ya VHF (bendi ya chini yake).

Toa betri, usome lebo. Kwenye Motorola GP340 tafuta namba ya modeli, siyo serial namba. Mfano MDH25KDC9AN3: herufi inayofuata 25 ndiyo bendi. K ni VHF, 136–174 MHz. R ni UHF, 403–470 MHz.

Shida ni makava. Fundi akihamishia bodi kwenye kava lingine, lebo hudanganya. Kwa hiyo iunganishe kwa kebo na kompyuta, isome redio kwa programu yake, ulinganishe modeli inayoonekana na ya lebo. Zikitofautiana, fuata ya bodi, yaani iliyosomwa na programu. Hifadhi faili la mwanzo ulilosoma kutoka redio kabla hujaandika chochote.

Ukilazimisha masafa ya nje ya bendi, sakiti inayozalisha masafa haishiki: redio hulia mfululizo, haitumi. Wengi hudhani imekufa.

Kama lebo imefutika na kebo huna, funga mzigo wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani) badala ya antena (usimsumbue mwenye chaneli), weka nguvu ya chini, bonyeza PTT (kitufe cha kutuma) sekunde mbili karibu na kipima masafa; namba itakayoonyeshwa ndiyo itakuambia bendi.