Jinsi ya kudai amana ya nyumba ya kupanga Uingereza

Ukihama nyumba ya kupanga, amana uliyoitoa siku ya kuingia bado ni pesa yako. Mwenye nyumba au wakala anayetaka kukata hata pauni moja ndiye anayepaswa kuthibitisha sababu. Wengi wetu tunaichukulia kinyume: tunabembeleza kama tunaoomba msaada, na tukiambiwa zulia limeharibika tunanyamaza. Usinyamaze. Utaratibu upo, ni bure na hauhitaji wakili. Maelezo haya ni ya England, na kwa sehemu kubwa Wales pia. Scotland na Ireland Kaskazini zina mifuko na taratibu zao.

Kwanza jua amana yako iko wapi. Tangu Aprili 2007, amana ya mkataba wa kawaida wa upangaji lazima ilindwe na mmoja wa mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali: Deposit Protection Service, MyDeposits au Tenancy Deposit Scheme. Mwenye nyumba ana siku 30 tangu apokee pesa kuisajili na kukupa taarifa kwa maandishi. Kama hukupewa taarifa hiyo, ingia kwenye tovuti za mifuko yote mitatu na utafute kwa jina la ukoo, postikodi na tarehe ya kuanza mkataba. Hapa majina yetu huleta shida. Mtu mwenye majina matatu anaweza kuwa amesajiliwa kwa jina la baba badala ya la babu, au herufi zimekosewa. Jaribu kila jina lako kabla ya kusema haipo.

Angalia pia kiasi. Kwa England, tangu Juni 2019, amana haizidi kodi ya wiki tano ikiwa kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Zidisha kodi ya mwezi kwa 12, gawanya kwa 52, zidisha kwa 5. Kodi ya pauni 900 kwa mwezi inakupa kikomo cha pauni 1,038.46.

Ushahidi ndio kila kitu. Siku ya kukabidhi funguo, piga picha kila chumba: ndani ya oveni, nyuma ya mlango wa bafu, kona za madirisha zinazoshika ukungu, na mita za gesi na umeme zikionyesha namba. Ziweke pamoja na orodha ya vitu uliyosaini ulipoingia. Kama mwenye nyumba hakuwahi kuandaa orodha hiyo, yeye ndiye mwenye tatizo, kwa sababu hana cha kulinganishia hali ya mwanzo na ya mwisho. Na usizuie kodi ya mwezi wa mwisho ukitegemea amana iifidie. Hapo unampa sababu halali ya kukata.

Kisha omba kwa maandishi, kwa barua pepe, hata kama mnaongea vizuri kwa simu. Taja anwani, tarehe uliyotoka na kiasi unachodai, na uombe mchanganuo wa makato yoyote pamoja na risiti. Kama pesa zinashikiliwa na mfuko wenyewe, ombi unaweza kulituma moja kwa moja kwenye akaunti yako ya mfuko. Sehemu msiyobishania ipokee. Kuipokea hakukunyimi haki ya kudai iliyobaki.

Makato mengi huanguka kwenye suala la kuchakaa kwa kawaida. Tuseme zulia lilinunuliwa kwa pauni 500, lilitarajiwa kudumu miaka 10, na limekaa miaka 8. Hata kama ni wewe uliyeliunguza kwa pasi, thamani iliyobaki ni ya miaka miwili, yaani pauni 100. Mwenye nyumba hana haki ya kununua zulia jipya zima kwa pesa yako. Andika hoja hiyo wazi, ukiweka tarakimu.

Mkishindwa kuelewana, fungua mgogoro kwenye mfuko, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu tangu upangaji uishe. Msuluhishi huamua kwa kusoma nyaraka tu. Haji nyumbani wala hakupigii simu. Kwa hiyo ipe kila picha jina na tarehe, na yajibu madai ya mwenye nyumba moja moja. Ujumbe wa WhatsApp wa Kiswahili utafsiri kwa Kiingereza na uambatanishe wa awali.

Ukikuta amana haikusajiliwa kabisa, unaweza kwenda mahakama ya kaunti, ambayo inaweza kuamuru ulipwe mara moja hadi tatu ya amana hiyo, mbali na amana yenyewe. Hili hutokea sana tunapopangishiwa na mtu wa nyumbani na kumlipa taslimu. Undugu haumwondolei wajibu wa sheria. Tafuta ujumbe au taarifa ya benki inayoonyesha ulitoa pesa. Ila kama mwenye nyumba anaishi humo humo na mnatumia jiko moja, kanuni za mifuko hazikuhusu, na deni hilo utalidai mahakamani kama madai madogo ya kawaida. Kabla ya kufungua kesi, zungumza na mashirika ya ushauri ya Citizens Advice au Shelter. Ushauri wao ni bure, na unaweza kuomba mkalimani.