Mkiongelea uzazi wa mpango kwenye jumuiya, fanyeni hivi msinuniane

Huku kwetu Malindi unakuta nyumba moja baba Pentekoste, mama Mkatoliki, mama mkwe ACK (Anglikana), kwa hivyo hii mada ikiguswa tu baada ya chai na mahamri watu washaanza kurushiana maneno. Kama wewe ndo unaongoza kikao, kwanza tenganisha maswali mawili manake watu huyachanganya wakagombana bure.

Swali la kwanza: je, wanandoa Wakristo wanaruhusiwa kupanga watoto wapishane? Hapa wengi mko pamoja, hata Wakatoliki, Papa Paulo wa Sita kwenye barua yake Humanae Vitae ya 1968 alisema wenye sababu nzito wanaweza kufuata siku ambazo mama hashiki mimba. Moto uko kwa swali la pili, njia gani. Kanisa Katoliki linakataa vidonge, sindano, kijiti, koili na kondomu kuzuia mimba, linasema tendo la ndoa lisitengwe makusudi na uzazi. Sasa Waprotestanti wengi hawajui kwamba zamani wazee wao wa imani walikuwa upande huo huo, Waanglikana walikataa mpaka mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa 1930 ndo wakafungua mlango kidogo tena kwa masharti, na mwisho wa mwaka huo huo Papa Pius wa Kumi na Moja akatoa barua Casti Connubii kukaza msimamo wa Wakatoliki. Wasimulie hii, itapunguza ile ya kuitana wapagani.

Halafu kuna Onani wa kwenye Biblia, lazima mtu atamleta. Usimkatize, fungueni Mwanzo 38 msome mstari wa 6 mpaka wa 10 kwa sauti, wote wasikie alitakiwa amzalie marehemu kakake mtoto kwa Tamari, mjane wake, akakwepa kwa kumwaga mbegu chini. Wengine watasema kosa ni kumwaga mbegu, wengine ni kumdhulumu marehemu na mjane wake. Mimi naona la pili lina nguvu zaidi, lakini kila mtu aonyeshe kwa maandiko sio kwa kelele.

Mwalikeni nesi pia. Kwa anayeamini uhai unaanza mimba inapotungwa ni muhimu ajue sindano kazi yake hasa ni kuzuia yai lisitoke, na anayefuata njia ya asili ajue sio kuhesabu kalenda tu, mama anaangalia ute wa ukeni kila siku na mume akubali kusubiri.

Na jamani kina mama waongee kwanza. Inaniuma sana mzee akifunga mjadala na "zaeni mkaongezeke" huku mkewe amekaa kimya, kichanga mgongoni na mwingine tumboni.

Usimuulize mtu mbele ya watu anatumia nini. La roho amwone padre au mchungaji wake, la mwili aende kliniki, na dada Mkatoliki aliyepewa vidonge kutibu ugonjwa aambiwe wazi kwamba Humanae Vitae yenyewe haikatazi dawa ya kutibu hata kama inazuia mimba, mradi kuzuia mimba sio lengo lake.